Kwa baiskeli Bonde la Kerio: Uliza saa kabla ya kuuliza mlima

UKITAJA safari ya baiskeli mashambani, mkazi wa mjini huwa na swali moja: "Je, nitauweza mlima?" Ni swali zuri, lakini si la kwanza. Mlima ukikushinda utashuka na kuisukuma baiskeli, na hakuna atakayekucheka isipokuwa watoto wa shule, ambao watakucheka hata ukiuweza.

Kinachowalaza watu kando ya barabara, au kuwapeleka hospitalini wakiwa wamesharudi nyumbani, ni mambo mawili yasiyoonyeshwa kwenye ramani. La kwanza ni jua la bondeni saa za mchana. La pili ni mbu wa bondeni saa za usiku. Ugumu ni kwamba ukilikimbia moja unaweza kuangukia jingine.

Tuchukue safari moja ambayo waendeshaji wengi wa mijini huitamani: kutoka Kabarnet katika Kaunti ya Baringo hadi Iten katika Kaunti ya Elgeyo-Marakwet. Mji wa Kabarnet umekaa juu ya Milima ya Tugen, yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Iten uko ng'ambo, juu ya ukingo wa Elgeyo, yapata mita 2,400. Katikati umepita Mto Kerio ukielekea kaskazini hadi Ziwa Turkana, na huko chini kwenye daraja la Chebloch urefu ni mita elfu moja na kitu tu.

Kama ungekuwa ndege, ungevuka kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa kilomita 30 hivi. Lakini barabara inajipinda, inateremka, inavuka mto, inapita Biretwo, kisha inaanza kupanda Tambach na kuendelea hadi juu, hata umbali unakaribia kuwa maradufu. Katika safari hiyo moja utateremka karibu kilomita nzima kwenda chini na kupanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu.

Sasa fikiria hali ya hewa. Kwa wastani joto huongezeka kwa nyuzi kama 6 kila unapoteremka mita 1,000. Ukiondoka Kabarnet asubuhi umevaa sweta, ufike mtoni saa nne, utakuwa umehama kutoka baridi ya milimani hadi joto kali katika muda usiozidi ule wa kusikiliza ibada ya Jumapili. Mwili haupati nafasi ya kuzoea.

Kosa la mteremko

Mara yangu ya kwanza kupita huko nilifanya kosa ambalo baadaye niligundua karibu kila mgeni hulifanya. Niliondoka Kabarnet saa tatu baada ya chai na chapati mbili. Kwa kuwa nilikuwa nikiteremka tu, upepo ukinipuliza, sikuhisi kiu. Chupa yangu ya maji ilifika Chebloch ikiwa imejaa, nami nikajisifu kuwa nimeyatunza. Nikakaa kwenye korongo nikiwatazama vijana wanaojirusha majini kutoka juu ya miamba, na nilipokumbuka safari ilikuwa saa sita.

Saa saba nilikuwa kwenye miinuko ya kwanza baada ya Biretwo, jua likiwa utosini na lami ikirudisha joto usoni. Kichwa kilianza kugonga. Nikasikia kichefuchefu, na cha ajabu zaidi, vipele vya baridi vikanitoka mikononi katikati ya joto lile. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maembe chini ya mti alinitazama mara moja tu akasema, "Kijana wangu, hebu keti hapa kwanza. Hiyo Iten haihami." Akanimwagia maji kichwani bila hata kuuliza kama nataka. Nilikaa pale hadi saa kumi.

Mama yule alijua tiba. Kilichokuwa kimenipata madaktari hukiita uchovu wa joto. Misuli inapofanya kazi hutoa joto jingi, na njia kuu ya mwili kulipunguza ni kutoa jasho ambalo hukauka juu ya ngozi na kuipoza. Katika safari ngumu mtu anaweza kupoteza nusu lita ya jasho kwa saa, na wengine hupoteza lita nzima au zaidi. Katika hewa kavu kama ya bondeni, jasho hukauka kabla hujaliona, hivyo unadhani hutoki jasho. Ni ile chumvi nyeupe kwenye fulana inayokufichulia siri.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukazana na mapigo ya moyo kwenda mbio hata ukiwa umesimama. Hapo usijikaze kiume. Ingia kivulini, legeza nguo, jimwagie maji, jipepee, na unywe kidogo kidogo.

Lakini kuna hatua ya pili ambayo si ya mchezo. Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akayumba kama mlevi, akawa mkali bila sababu au akazimia, huo si uchovu tena. Joto la ndani ya mwili linaweza kuwa limepita nyuzi 40, na ubongo uko hatarini. Wengi hudhani mtu wa namna hiyo lazima awe mkavu. Mwendesha baiskeli anaweza kufikia hatua hiyo akiwa bado ameloa jasho. Usimlazimishe kunywa kwani anaweza kupaliwa. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kukoma, na utafute gari la kumpeleka hospitali huku ukiendelea kumpoza njiani. Maji ya mtungi wa dukani yaliyotumiwa upesi yanaweza kuokoa maisha kuliko gari zuri linalochelewa.

Jua lina upande wake

Je, dawa ya jua hili si kulala bondeni na kuanza kupanda alfajiri? Wengi hufikiri hivyo, na kwa upande wa joto wako sahihi. Kwa upande wa mbu wamekosea. Mbu anayeeneza malaria huuma hasa kuanzia jioni hadi alfajiri. Kulala chini, pengine ndani ya hema, ni kumwandalia meza.

Habari njema ni kwamba nchi yenyewe inakusaidia ukiitazama vizuri. Ukingo wa Elgeyo unatazama mashariki. Asubuhi jua linaupiga moja kwa moja, na mtu anayepanda saa tatu anachomeka sawa na aliyepanda adhuhuri. Ila mchana ukishapinduka, jua linaanza kwenda nyuma ya ukingo, na kuanzia saa kumi hivi kivuli huteremka barabarani kutoka juu.

Basi panga hivi. Ondoka Kabarnet mara tu kunapopambazuka, saa kumi na mbili unusu. Fika mtoni saa mbili, vuka, na uwe Biretwo kabla ya saa nne. Tafuta kivuli, kula, lala usingizi, soma gazeti. Usiondoke hadi saa tisa unusu. Kisha panda polepole, kivuli kikija kukulaki, na utafika Tambach kabla giza halijaingia. Huko uko mbali na sakafu ya bonde. Mbu wa malaria huwa wachache zaidi, ingawa si kwamba hawapo kabisa. Lala huko chini ya neti, na asubuhi ya pili umalizie hadi Iten ukipitia Kessup, kile kijiji kilichokaa kama kwenye rafu chini ya mji, chenye mashamba ya mboga.

Ukiona saa kumi na moja imefika na bado uko chini, paki baiskeli juu ya matatu au pikapu ulipe nauli. Si aibu.

Mara nyingine nimewasikia watu wakipanga safari kinyume, kutoka Iten kwenda Kabarnet. Mteremko ni mtamu, nakubali, lakini kumbuka kwamba upande wa Tugen unatazama magharibi. Jua la alasiri litakuwa mgongoni mwako njia nzima ya kupanda, na ukitaka kivuli chake cha asubuhi itakubidi ulale bondeni. Mgeni na aanzie Kabarnet.

Ninavyozungumza habari ya saa, nisisahau majira. Wakati wa mvua, hasa Aprili na Mei, alasiri huleta radi na matope, na mpango wangu wote wa saa kumi unaharibika. Nenda miezi ya ukavu.

Maji, chumvi na chai

Anza kunywa ukiwa bado Kabarnet, hata kama baridi inakuambia huna haja. Nusu lita kwa saa ni kiasi cha kuanzia, na bondeni uongeze. Beba lita tatu. Njia rahisi ya kujipima ni kutazama mkojo: ukiwa wa rangi ya majani makavu hafifu uko sawa, ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa.

Hata hivyo, usinywe maji matupu mengi kupita kiasi kwa hofu. Mtu akitoka jasho siku nzima na kujaza tumbo kwa maji peke yake, chumvi katika damu hupungua hadi anaumwa kichwa, anatapika na kuchanganyikiwa. Dalili hizo zinafanana na za joto, ndiyo maana watu humwongezea maji na kumzidishia hatari. Kula kitu chenye chumvi. Au tengeneza maji ambayo akina mama huwapa watoto wanaoharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa bapa, si vya kurundika. Usizidishe chumvi.

Kwa maoni yangu, kinywaji bora zaidi njiani ni kile kinachodharauliwa, yaani chai ya maziwa ya kibandani. Imechemka, hivyo viini vimekufa. Ina sukari. Ina maji. Yale madai kwamba chai hukausha mwili hayana uzito kwa vikombe viwili au vitatu. Ongeza mayai ya kuchemsha yaliyonyunyiziwa chumvi, na umepata chakula cha msafiri kwa bei ya msafiri.

Maji ya vijito ni jambo tofauti. Yanavutia, ni baridi, yanateremka kwenye mawe safi. Lakini ng'ombe na mbuzi wako juu yake. Yachemshe au uyatie dawa ya klorini. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa kwani dawa haifanyi kazi vizuri kwenye tope. Maziwa mabichi pia uyaogope, kwa sababu ya homa ya brusela. Ukikaribishwa mursik katika boma la watu, uliza kwa adabu kama maziwa yalichemshwa kabla ya kutiwa kwenye kibuyu. Hakuna mwenyeji atakayekasirika ukianza na salamu ya "Chamgei" na ukaongea na mzee wa boma kwa heshima. Na usioge Kerio. Mto huo una mamba, na vijana wa Chebloch wanaujua kuliko wewe.

Goti, kiti na mkono

Maumivu mengi ya safari hutoka kwenye kiti kilichowekwa vibaya. Kaa kwenye baiskeli, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Ukiendesha kwa kutumia sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, kiko juu mno.

Mlimani tumia gia nyepesi mapema, kabla miguu haijalalamika, na uzungushe pedali upesi badala ya kuzikandamiza. Aliye na baiskeli nzito isiyo na gia, ile tuliyozoea kuiita Black Mamba, ashuke na kusukuma sehemu kali. Wenyeji hufanya hivyo kila siku wakiwa na gunia la mahindi kwenye karia, na magoti yao ni mazima.

Vidole viwili vya mwisho vya mkono vikifa ganzi, neva inayopita kwenye kiganja inabanwa na usukani. Badilisha mshiko kila baada ya dakika chache. Ganzi ikiwa sehemu nyingine, ile ambayo wanaume huona haya kuitaja hata kwa daktari, simama juu ya pedali mara kwa mara ili damu ipite, na ushushe ncha ya kiti kidogo. Kaptura yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani. Ifuliwe kila jioni, la sivyo malengelenge yatakuzuia kuketi siku tatu.

Kwenye mteremko, usishikilie breki mfululizo. Rimu hupata moto, na tyubu inaweza kupasuka kwenye kona ambayo hungependa ipasuke. Kandamiza, achilia, kandamiza. Simama ziweze kupoa. Vaa helmeti. Na kama baridi ya Kabarnet inakupiga kifuani, tia kurasa mbili za gazeti ndani ya fulana, kama waendeshaji wa zamani walivyofanya. Ukifika chini unazitoa na kuzisoma.

Nani amwone daktari kwanza

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Kama hujafikisha hata hizo, usianzie Kerio. Jipe miezi miwili ya kuendesha Karura, kisha vilima vya Ngong, ukiongeza kidogo kidogo.

Mwenye shinikizo la damu anayetumia vidonge vya kuongeza mkojo anapoteza maji kwa njia mbili. Mwenye kisukari anayejidunga insulini anaweza kuishiwa sukari katikati ya kilima. Mwenye ugonjwa wa selimundu huathirika na ukosefu wa maji na hata na hewa nyepesi ya juu. Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, si kwenye begi la nyuma. Wote hawa waongee na daktari kabla ya kwenda. Na yeyote yule asimeze dawa za maumivu kama ibuprofen akiwa amekaukiwa maji, kwani figo ndizo zitakazolipa.

Vile vile uliza hali ya usalama. Wizi wa mifugo umewaumiza watu wa Bonde la Kerio kwa miaka mingi, na mnamo Februari 2023 serikali ilipeleka wanajeshi kusaidia polisi katika kaunti sita za eneo hilo. Maeneo yaliyoathirika zaidi yako kaskazini ya barabara hii, lakini hali hubadilika. Piga simu kituo cha polisi, uliza madereva wa matatu, usiiache lami.

Homa ya baada ya wiki mbili

Nimeacha jambo hili mwisho kwa sababu nalo huja mwisho. Mwenzangu mmoja tuliyesafiri naye alikataa kuharakisha kupanda. Alilala Biretwo usiku mmoja, dirisha wazi, bila neti. Tulirudi Nairobi wazima. Siku ya 12 akaanza kuumwa kichwa na mwili. Akasema ni mafua. Akameza dawa za maumivu siku nne, akienda kazini, hadi alipoanza kutapika na macho kuwa ya manjano. Alilazwa wiki nzima.

Dalili za malaria kali huanza siku 7 hadi mwezi mmoja baada ya kuumwa, pengine zaidi. Kufikia wakati huo safari imeshasahaulika. Mtu aliyekulia Nairobi au sehemu za juu hana kinga, na ugonjwa unaweza kumzidi katika muda wa siku chache. Usitegemee klorokwini iliyobaki kwenye kabati la mama. Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka wa 1998, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Kabla ya kuondoka, muulize daktari kama unahitaji dawa za kinga. Ukiwa huko, jipake dawa ya kufukuza mbu ifikapo jioni, vaa mikono mirefu, lala ndani ya neti.

Sehemu za chini za Baringo pia zina ugonjwa wa kala-azar, unaoenezwa na nzi wadogo wa mchanga wanaopenda vichuguu na nyufa za udongo. Kwa hivyo usitandike hema karibu na kichuguu. Ugonjwa huo huja polepole, kwa homa ya wiki nyingi, kukonda na kuvimba bandama.

Ukifika nyumbani, andika kwenye kalenda ya ukutani tarehe uliyotoka bondeni. Homa yoyote ikikushika katika miezi mitatu inayofuata, nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, na neno la kwanza unalomwambia daktari liwe "Nilikuwa Kerio", kwa sababu yeye ana foleni ya watu wenye mafua na hawezi kujua.